Nani Acheke Kwanza?

Televisheni yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubebwa kwapani, imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Waya mbili zilitoka mgongoni mwake zikaenda hadi kwenye betri ya gari, na betri ilikuwa imeshiba jua la kutwa kupitia paneli iliyolazwa juu ya mabati. Uani kwa baba mdogo, mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, tulikuwa watu kama kumi na wawili: akina mama na watoto mkekani, vijana wamechuchumaa kando ya ukuta wa matofali, koko, yaani bibi yangu, kwenye kigoda chake karibu na mbabula iliyokuwa bado na makaa, na baba mdogo mwenyewe katikati, kwenye kiti pekee chenye mikono.

Filamu ilitoka kwenye kadi memori iliyopakiwa sokoni, kwa kijana mwenye kompyuta na jenereta. Ilikuwa ya Mzee Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018 na ambaye huku kwetu uso wake unajulikana hata na watoto wasiojua Tanga iko upande gani wa dunia. Mzee yule kwenye skrini alikuwa anaamrisha nyumba nzima kwa pumzi moja: mke, mtoto, mpaka jirani aliyekuja kuomba moto. Wote wanaitika vizuri, kisha kila mmoja anaendelea na lake. Anageuka kuona kama ametiiwa, anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka.

Niliona jambo ambalo nililiona mara nyingi utotoni bila kulitia maanani. Macho yote yaliondoka kwenye skrini yakaenda kwenye kile kiti chenye mikono. Mtoto mmoja alikuwa ameuma ukosi wa shati lake ili kicheko kisimtoroke. Mke wa baba mdogo alijifanya anatafuta kitu chini ya mkeka. Baba mdogo alikuwa anaitazama filamu kwa uso wa mtu anayesikiliza kesi. Zilipita labda sekunde tatu, na sekunde tatu uani ni ndefu. Ndipo koko akapiga paja lake kwa kofi: “Mumwangalie! Si ni huyu wetu kabisa?”

Uani ukalipuka. Baba mdogo alicheka wa mwisho, kicheko kifupi kilichoanzia kwenye kikohozi.

Tangu siku ile sijaweza kutazama kichekesho cha kifamilia bila kuwatazama watazamaji. Mambo ya mkumbo, nani anafuata nani na nani anathubutu kuwa na neno lake, tunayatafuta ndani ya mchezo: baba mkali, mke mwenye akili kuliko mumewe, mtoto mkaidi. Lakini mchezo mwingine unachezwa mkekani, na huo hauna mwandishi wala malipo.

Wamarekani waliliona jambo hili mapema, wakalitengenezea mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 fundi wa sauti aitwaye Charley Douglass alibuni kisanduku chenye vicheko vya watu vilivyorekodiwa, vya kila aina, ambavyo aliviingiza kwenye vichekesho vya televisheni pale ambapo mtayarishaji alitaka watazamaji wacheke. Mtu aliyekaa peke yake sebuleni Chicago akasikia umati ukicheka, naye akacheka. Koko wa bandia, kwa lugha nyingine, ingawa koko wetu hucheka kwa hiari yake na kisanduku kile kilicheka kwa amri.

Miaka hiyohiyo, mwanasaikolojia Solomon Asch alikuwa anawaonyesha watu mistari kwenye kadi na kuwauliza ni upi unaolingana na mwingine kwa urefu. Swali la mtoto wa darasa la kwanza. Ila katika kila kundi mtu mmoja tu ndiye alikuwa mgeni wa kweli. Wengine wote walikuwa wameambiwa wajibu vibaya, kwa sauti, kabla yake. Katika theluthi moja hivi ya majibu, yule mgeni alifuata kundi, akasema mstari mfupi ni mrefu na macho yake yakiuona mfupi. Watu hukumbuka sehemu hiyo, na hupenda kuitumia kuonyesha kwamba binadamu ni kondoo. Mimi hukumbuka sehemu iliyofuata. Asch alipomweka mtu mwingine mmoja tu anayejibu sawasawa, makosa ya yule mgeni yalishuka hadi robo ya yalivyokuwa. Halikuhitajika jeshi la kumuunga mkono. Mtu mmoja tu, kwenye kigoda.

Kwa nini koko na asiwe mwingine? Kwa sababu ana kibali. Huku Maniema, kama kwingi penye Kiswahili, babu na bibi na wajukuu ni watani. Koko huniita “bwana yangu” mbele ya watu na kunidai nguo mpya. Mimi humwambia amezeeka, nitaoa mwingine. Na baba mdogo ni mwanawe wa kumzaa. Amemfunga nepi, hawezi kuogopa kiti chake. Mtoto wa baba mdogo akisema maneno yaleyale ya koko, ni utovu wa adabu na huenda akalala na njaa. Mke akiyasema, yataletwa tena siku ya ugomvi, na riba. Koko akiyasema ni utani, na utani haujibiwi kwa hasira, maana anayekasirikia utani ndiye anayechekwa mara mbili.

Hata lugha yetu imekaa upande wa kiti. Mtoto anayefikiri kivyake tunamwita “mutoto wa kichwa ngumu”, na sijawahi kumsikia mzazi wa Kasongo akilisema hilo kama sifa. Anayekubali kila kitu ni mtoto mwenye adabu. Neno la kumsifu mtoto anayekataa vizuri, kwa heshima na kwa sababu, sijui kama tunalo. Tunalo tendo lenyewe, tukilifanya kwa mzaha.

Mji huu unayajua mambo ya kujifananisha kuliko miji mingi. Kasongo iliinuliwa na watu wa misafara ya pembe na watumwa waliotoka pwani, na mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kuna kisa ambacho, kama kisingekuwa na damu nyuma yake, kingefaa kabisa kuwa kichekesho cha kifamilia. Alisikia kwamba mtemi mmoja mzee wa magharibi ya huku, Kasongo Rushie, alikuwa amepotewa na ndugu zake wa kike waliotekwa zamani. Tippu Tip akajitokeza na kudai kwamba yeye ni uzao wa mmoja wao. Mzee akampokea kama mtoto wa nyumbani na kumwachia utawala. Mgeni mwenye bunduki aliingia nchini kwa mlango wa ujomba, na waliokuwepo wakaitika. Huenda yupo aliyeuma ukosi wa nguo yake siku ile pia.

Waliowafuata watu wa pwani waliitwa waungwana, na Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana. Uungwana wenyewe ulikuwa ni kufuata: kuvaa kanzu, kujenga nyumba yenye baraza, kulima mpunga, kuswali, kusema kama wasemavyo waliotoka Unguja. Mtu aliyezaliwa porini angeweza kuwa mwungwana kwa miaka michache ya kuiga vizuri, hata kama yeye mwenyewe alianza kama mateka. Wabelgiji chini ya Francis Dhanis waliuteka mji tarehe 22 Aprili 1893, na Kasongo ile ya zamani leo ni mahame tunayoyaita Tongoni. Kanzu zilibaki. Mpunga ulibaki, na ndio tuliokula jioni ile. Na hadi leo mtu wa Kasongo akimsikia mtu wa Lubumbashi akisema Kiswahili chake husikia raha fulani ya siri, kwamba chetu kiko karibu zaidi na Kiswahili bora. Kwamba sisi nasi tulikiiga kutoka kwa wengine, hilo husahaulika upesi.

Wakoloni wapya walileta kuiga kwao. Katika miaka ya 1950 padri wa shirika la Scheut, Albert Van Haelst, alitengeneza huko Kasai filamu za vichekesho za marafiki wawili, Matamata na Pilipili, kwa mtindo wa Laurel na Hardy. Waigizaji walikuwa Wakongo, na walichekesha kweli. Mwaka 1996 Tristan Bourlard aliwatengenezea filamu ya kumbukumbu. Ni kichekesho cha mjini, cha nyumbani na kazini, na nyuma ya kila kicheko padri amesimama na kidole chake. Anayechekwa ni yule asiyejua kuwa mtu wa kisasa. Tazama, usiwe hivi.

Na wakati huohuo kulikuwa na onyesho la kifamilia ambalo halikurekodiwa na kamera yoyote. Tangu 1948 ilikuwepo kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaja imatrikulasio, ambayo ilimpa Mkongo aliyestahili hadhi ya kisheria iliyokaribia ya Mzungu. Ili astahili, tume ilikuja kumkagua nyumbani. Waliangalia vitanda, vyombo vya mezani, usafi, namna mke anavyozungumza na mumewe, na namna watoto wanavyokaa. Hebu ifikirie jioni moja ya namna hiyo: baba amevaa tai, mama ameambiwa asikae chini, watoto wamefundishwa kushika uma tangu wiki iliyopita, na koko, ninaamini kabisa, amepelekwa kwa jirani mpaka wageni waondoke. Waliofaulu walikuwa wachache mno. Familia ilicheza mchezo wa familia mbele ya watazamaji waliokuwa na haki ya kutocheka.

Nikimtazama Papa Shirandula wa Kenya huwa naiona tai ile. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimcheza kwenye Citizen TV mlinzi anayetoka nyumbani asubuhi amevaa suti ili mkewe na watu wa kwake wadhani anafanya kazi ya ofisini. Siri hiyo moja ilitosha kulisha vipindi miaka na miaka. Kila mtu mtaani ana suti yake ya namna hiyo. Nchini Kongo tuna ladha ya ziada, maana wakati wa Mobutu suti na tai zilipigwa marufuku, wanaume wote wakavaa abakosti, na anayetaka kuonekana mtu wa maana akaiga upande wa pili kwa bidii ileile. Baba mdogo bado anayo yake, sandukuni, na harufu ya nondo.

Kichekesho cha Shirandula hakimwambii mtu avue suti, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema vichekesho vya kifamilia ni chombo cha kuwafuga watu. Ni kweli kipindi kinaisha na kila mmoja yuko mahali pake: baba bado ni baba, mke amesamehe, mtoto amekoma. Wiki ijayo wanaanza upya kama vile hakuna kilichotokea. Lakini kwa nusu saa tumemwona baba bila suti. Huwezi kulirudisha hilo sandukuni. Mzee Ojwang wa Vitimbi, Benson Wanjau aliyefariki Julai 2015, alikitia Kiswahili chake lafudhi ya Kijaluo ilhali mwenyewe alikuwa Mkikuyu, akagombana na Mama Kayai kwa miaka mingi, na sidhani kama katika miaka yote hiyo alishinda ugomvi mmoja kwa hoja. Alishinda kwa sauti tu. Mtazamaji aliyekulia nyumba yenye sauti kubwa alilielewa somo bila kufundishwa.

Hapa Kongo mabingwa wa kazi hii walikuwa kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, na kwa watu wa Kasongo na Kabambare hao si wa mbali, maana tunapakana na iliyokuwa Katanga. Waliigiza kwa Kiswahili cha mitaa ya wachimbaji wa shaba, redioni na kwenye televisheni, bila maandishi: walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha maneno yakaja yenyewe jukwaani. Mume mlevi, mke anayejua mshahara umeishia wapi, mgeni asiyeondoka. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian alikuwa nao. Alikuwa amesikia msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi, na msemo wenyewe ulihusiana na firigisi ya kuku. Akawauliza wasanii maana yake. Badala ya kumjibu kwa maelezo wakautungia mchezo mzima, wa kijiji na chifu wake, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni.

Nakaa kidogo kwenye firigisi hii kwa sababu nimeila mara moja tu maishani, na nilikuwa mgeni. Nyumbani kwetu kuku akichinjwa, firigisi inajulikana ni ya nani kabla maji hayajachemka. Haiulizwi. Mama anaipakua peke yake, juu ya wali, imekaa kama kofia. Mtoto anayenyoosha mkono kuelekea kwenye kipande kile hapigwi, anatazamwa tu. Mwaka 1986 ulikuwa wakati wa chama kimoja, picha ya mwanamume mmoja iko katika kila ofisi, na kundi la wachekeshaji linasimama mbele ya kamera kuuliza, kwa mzaha, kama firigisi ni lazima iliwe na mdomo mmoja. Ungewauliza kama wanafanya siasa wangekuapia kwamba wao wanachekesha tu, na wasingekuwa wanasema uongo.

Kwa Wamarekani swali hilo lilikuwa na alama yake. Kichekesho chao maarufu cha baba mwema, Father Knows Best, yaani baba ndiye ajuaye zaidi, kilianza redioni mwaka 1949 na jina lake lilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni. Kilipohamia kwenye televisheni mwaka 1954, alama iliondolewa. Baba wa redioni aliweza kukosea, yule wa kwenye picha akawa na hekima kila wiki kwa miaka sita. Sisi alama yetu iliondolewa na sheria. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 444, ilimtaja mume kuwa mkuu wa kaya, ikampa wajibu wa kumlinda mkewe, na mke ikampa wajibu wa kumtii. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa utii, na pia ile ruhusa ya mume ambayo mke aliihitaji ili afanye shughuli za kisheria. Ukuu wa kaya wakauacha ulipo. Mwanasheria mmoja alinieleza tofauti hiyo kwa dakika ishirini. Koko angeieleza kwa maneno machache: kiti kimebaki, mikono yake imekatwa.

Kutoka Kasongo nilikwenda Kabambare kwa pikipiki, njia ya zamani ya misafara kuelekea Tanganyika, ambako leo hupita wauza mchele na wauza ndagala wakisukuma baiskeli zilizobeba mzigo mrefu kuliko wao. Huko skrini ni chache na redio ni nyingi. Na huko pia niliacha kucheka kirahisi. Ni nchi ya Wabangubangu na majirani zao, na upande wa Salamabila kuna dhahabu ya Namoya na wanamgambo wa Mai-Mai Malaika. Mambo ya kufuata kundi hayaishii kwenye firigisi. Penye bunduki, anayekataa mkumbo hatafutiwi msemo wa utani.

Mwalimu aliyenipokea alikuwa na redio ya betri mbili iliyofungwa kwa mpira, na tuliongea juu ya michezo ya redio. Kutoka Rwanda kuna Musekeweya, ulioanza mwaka 2004, hadithi ya vijiji viwili vyenye ugomvi, Bumanzi na Muhumuro, na vijana wawili wanaopendana kati ya vijiji hivyo. Shirika lililoutoa, La Benevolencija, baadaye lilitoa Kumbuka Kesho kwa ajili ya mashariki mwa Kongo. Nia yao haifichwi: mtu ajifunze kusema neno wakati wote wamenyamaza.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliupima mchezo wa Rwanda kwa mwaka mmoja, kwa kuwasikilizisha baadhi ya watu Musekeweya na wengine mchezo wa mambo ya afya. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichodhani kinaruhusiwa kusemwa. Mwishoni kila kijiji kilipewa redio na kanda zake, watu waamue nani azitunze. Waliosikiliza mambo ya afya walimkabidhi kiongozi wao upesi, kama ilivyo desturi. Wale wa Musekeweya walibishana. Mmoja akasema hapana, kwa nini kiongozi, tuzitunze wote. Mwingine akaongeza lake. Nilipomsimulia mwalimu kisa hiki alicheka mpaka akashika mbavu. “Redio imewafundisha kugombania redio,” akasema.

Lakini akaniuliza kama Kongo nayo ilipimwa, nami nikalazimika kumwambia. Paluck alikuja mashariki mwa nchi yetu pia, na matokeo aliyachapisha mwaka 2010. Mahali fulani watu walisikia mchezo wa redio peke yake. Kwingine mchezo ulifuatwa na kipindi cha kuwahimiza wajadili walichokisikia. Waliohimizwa walijadili sana. Walikuwa pia wakali zaidi kwa jamii wasizozipenda, na wazito zaidi wa kuwasaidia. Mazungumzo yaliyotakiwa kuwafungua yaliwapa nafasi ya kukumbushana makovu, na kila mmoja akaegemea walipoegemea wengine.

Mwalimu alinyamaza kwa muda, akiikaza ile raba ya redio yake. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: labda ilikuwa kwa sababu hakukuwa na cha kuchekesha. Watu wakiambiwa “jadilini”, hukaa sawa, huvaa nyuso za kikao, na kila mmoja husema neno la upande wake, kwa sababu upande wake unamsikiliza. Sijui kama yuko sahihi. Utafiti hauyasemi hayo. Ila nimewahi kukaa katika vikao vingi vya upatanisho, na nyuso anazozisema ninazijua.

Tatizo la hoja yake, na la yangu pia, ni kwamba kicheko nacho hakina bwana mmoja. Mwaka 1971 Marekani ilianza kuonyesha All in the Family, kichekesho cha baba mbaguzi, Archie Bunker, anayebishana kila jioni na mkwe wake kijana. Waliokitunga walitaka ubaguzi uchekwe. Neil Vidmar na Milton Rokeach walipowahoji watazamaji, na kuchapisha matokeo mwaka 1974, walikuta kwamba wenye ubaguzi walikipenda kipindi kama wengine tu, na wengi wao walimwona Archie ndiye mwenye akili na ndiye anayeshinda mabishano. Kicheko kilekile, chumba kilekile, baba wawili tofauti kwenye skrini moja.

Niliporudi Kasongo nilikuta baba mdogo yuko barazani na wenzake, baada ya swala ya asubuhi, kahawa ya tangawizi kwenye vikombe vidogo. Alikuwa anawasimulia filamu. Nilikaa kwenye ngazi. Ilikuwa ni ile ya Mzee Majuto, nikaitambua kwa jirani aliyekuja kuomba moto, ingawa mengine yote yalikuwa yamehama. Katika filamu ya baba mdogo, mzee anatoa amri moja tu, yenye busara. Mke anaipuuza, mtoto anaipuuza, jirani anaungua kidole kwa kutosikia. Mzee hajikwai kwenye kizingiti chochote. Anasimama mlangoni, anawatazama, anatikisa kichwa.

Wazee walikuwa wanaitika kwa heshima, “eeh”, “kweli”, “ni hivyo”. Mtoto aliyeuma ukosi wa shati siku ile alikuwa anapitisha birika, macho yameinamishwa kwenye vikombe. Baba mdogo alifika mahali pa mlangoni, akainua mkono ili kuonyesha mzee alivyosimama.

Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa pembeni kabisa ya mkeka, akaanza kucheka kabla hajafika mwisho.